SAKAFU YA KARATASI: MANENO YA KATIBU KWA WANAUSHIRIKA NA WANAKISOMO



Maneno haya yalisemwa Jumapili mbele ya ghala. Tunayabandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani, na kwa wale waliokuwapo lakini upepo ukawanyima nusu ya maneno. Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Mwanakisomo asome mwenyewe, polepole, hakuna anayemkimbiza.

Mnajua wenyewe hali ya chumba cha kisomo. Ni kile chumba cha nyuma ya ghala, urefu mita 4, upana mita 3. Sakafu yake ni ya saruji iliyopigwa zamani kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, kila ukifagia inatoa unga. Kinamama wanakuja darasani na watoto mgongoni. Wakishawatua chini, watoto wanatambaa juu ya unga ule, na jioni wanarudi nyumbani wanakohoa, magoti meupe kama wametoka kusaga mashineni. Katika mkutano wa mwezi wa nne wenzetu wengine walipendekeza tuweke tailizi na fedha zichotwe kwenye fungu la mbolea. Wengine wakasema tungoje mpaka tuuze mahindi. Ndipo wakasimama vijana wetu wawili wa useremala wakasema ipo sakafu ya karatasi. Watu wakacheka sana. Kamati haikucheka, ikaiagiza ofisi yetu ichunguze jambo hilo na kuleta majibu.

Tumechunguza. Tumesoma, tumeuliza mafundi, na tangu mwezi wa tano kipo kipande cha mita 1 kwa mita 1 mlangoni mwa ofisi, mmekikanyaga wote mkija kulipa michango, na wengi wenu hamkujua kwamba mnakanyaga karatasi. Mlidhani ni ngozi. Hayo ndiyo majibu ya upande mmoja.

Upande wa pili ni mzito zaidi, nao ndio uliotufanya tuite mkutano kabla ya mvua. Mwaka jana mwezi wa kumi alipita hapa fundi mmoja na begi lake la brashi. Jina lake hatuliandiki ukutani. Aliwaambia watu kwamba kwa bei ya mbuzi mmoja atawatandikia sakafu ya karatasi inayong'aa kuliko tailizi, hata kama chini ni udongo mtupu. Nyumba nne zilikubali. Bibi yetu mmoja wa kitongoji cha juu aliuza mbuzi kweli. Na ile sakafu ilipendeza, tusiseme uongo, sisi wenyewe tulikwenda kuitazama tukavua viatu mlangoni. Mvua za Desemba zilipokaza ikaanza kuvimba kama chapati kwenye kikaango. Ikatoa uvundo. Mwezi wa pili ilipoinuliwa kona moja, mchwa walikwisha jenga njia zao chini yake, wanakula taratibu, kwa nafasi, kama wageni wa harusi.

Hatusemi fundi yule ni mwizi. Pengine alijifunzia mjini kwenye sakafu za saruji, hakujua kwamba udongo unapumua. Lakini mbuzi hakurudi. Na sasa tumesikia ameonekana tena kijiji cha jirani, na watu wetu wameanza kuulizana bei. Kwa hiyo, ndugu zangu, hapana budi kila mmoja aelewe sakafu hii inafanyaje kazi, ili akijiwa mlangoni ajue la kujibu.

Kwanza ondoeni kicheko. Kukanyaga karatasi si jambo la mzaha wala si la juzi. Watu wa Korea walitandika karatasi sakafuni kwa mamia ya miaka. Nyumba zao zilikuwa na sakafu ya mawe na udongo, na chini yake mifereji ambamo moshi wa moto wa jikoni ulipita kuipasha joto, kwa sababu baridi yao si hii yetu ya mwezi wa saba, ni ya theluji. Juu ya udongo ule walibandika karatasi ngumu iliyotokana na magome ya mti wa jamii ya mforosadi, tabaka juu ya tabaka. Kisha waliisugua kwa soya iliyosagwa na mafuta ya mbegu, tena na tena, mpaka ikawa ya manjano, inang'aa, maji yanateleza juu. Walikaa juu yake, walikula juu yake, walilala juu yake, viatu viliachwa nje. Siku hizi wengi wao wana sakafu za plastiki, lakini hata hiyo plastiki wanaiita kwa jina lilelile la karatasi ya zamani, jangpan.

Sasa hebu angalieni vizuri. Udongo wao ulikaushwa na moto karibu kila siku. Udongo wetu nani anaukausha? Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sakafu ya Mkorea na sakafu ya bibi yetu.

Na karatasi yenyewe hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tunayoitaka ni ya kaki, ile ya mifuko ya dukani na ya mifuko ya saruji, ile ile tuliyofunikia madaftari ya shule. Namna ya kuitengeneza iligunduliwa na mtu aitwaye Carl Dahl huko Ujerumani mwaka 1879, na Wajerumani huiita kraft, maana yake nguvu. Nguvu yake inatoka kwenye nyuzi ndefu za miti kama misindano, hii paina yetu, ambazo dawa za kiwandani huzitenganisha bila kuzikatakata sana. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, hapa hapa Mufindi, kilianza kazi miaka ya 1980, na miti yake inatoka msitu wa Sao Hill ambako vijana wetu wengi wamepata vibarua. Kwa hiyo tunapozungumza karatasi ya kaki tunazungumza mti tunaoujua. Tena tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku, mifuko ya kaki imezidi madukani, na mingi inaishia jalalani.

Basi kazi yake ni hivi. Vipande vya karatasi huchovywa katika gundi iliyochanganywa na maji, vikatandazwa sakafuni kimoja juu ya ukingo wa kingine. Gundi ikikauka inazishika nyuzi na kuzigandisha kwenye saruji. Juu yake hupakwa vanishi mara nyingi mpaka inakuwa kama kioo chembamba. Anayebeba mguu wako ni saruji ya chini, anayezuia maji ni vanishi ya juu. Karatasi iko katikati, inapendezesha na kushikilia. Ni kama shuka: huwezi kutandika shuka hewani ukasema una kitanda.

Gundi yenyewe ni ile nyeupe ya maseremala. Ikikauka inakuwa kama plastiki laini, lakini ikilowa tena kwa muda mrefu inalegea. Lishikeni hilo. Unyevu ukitoka juu, vanishi inauzuia. Unyevu ukitoka chini, hakuna wa kuuzuia, na vanishi hiyo hiyo inaufungia ndani usitoke. Sakafu ya udongo inavuta maji ya ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, hata mahali unapopaona pakavu. Ndipo karatasi inavimba. Na mchwa, ambao chakula chao ni miti, karatasi kwao ni mti uliokwisha tafunwa. Umewapikia na kuwafunikia.

Kwa sababu hiyo jibu kwa fundi yeyote atakayebisha hodi ni fupi: juu ya udongo, hapana. Akisema ana dawa, mwulizeni kama atarudi mwezi wa pili kuiangalia, na mumlipe wakati huo.

Mwenye sakafu ya udongo asijione amedharauliwa. Kinamama wa kijiji hiki wanajua kusiriba kwa udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe, sakafu ikakaa bila vumbi wala nyufa ambamo viroboto na funza hujificha. Hiyo ni kazi ya ufundi, na ina faida moja ambayo karatasi haina: inapumua. Ikichoka, unairudia kwa nguvu zako bila kuuza kitu. Mwenye hamu ya karatasi anaweza kuianzia kwenye meza, kwenye mlango, au kwenye sanduku la nguo. Huko inashika vizuri sana.

Mwenye saruji naye asikimbilie. Saruji nyingine iko juu ya udongo wenye maji na haikuwekewa nailoni chini wakati wa kumwaga. Kuipima ni rahisi. Chukua nailoni nyeupe inayoonyesha ndani, sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe kingo zote nne pasipite hewa, uiache mchana na usiku. Kesho yake ifunue. Ukikuta matone ndani yake, au saruji imekuwa nyeusi, hiyo sakafu bado. Pima sehemu zaidi ya moja, hasa kona na chini ya madirisha.

Tulipima chumba cha kisomo sehemu nne. Tatu zilikuwa kavu. Ya nne, kona ya dirisha la mashariki, ilitoa matone, na sababu tuliiona tulipozunguka nje: maji ya paa yanaanguka palepale na ardhi imeinamia ukutani. Kwa hiyo, jamani, kazi ya kwanza ya sakafu hii inafanyika nje, tena kwa jembe. Ni kuchimba mtaro wa kuyapeleka maji bondeni. Baada ya hapo tutapima tena. Kona ile ikitoa matone mara ya pili, tutaacha karatasi na hakuna atakayetushawishi.

Halafu kuna ule unga. Karatasi ikibandikwa juu ya unga inashika unga, haishiki sakafu. Tutasugua kwa brashi ya waya, tutaosha, kisha tutapaka uji wa saruji na kupiga lipu nyembamba ya sentimita 1. Mchanganyiko ni mfuko 1 wa saruji kwa mifuko 3 ya mchanga safi wa mto. Lipu itamwagiwa maji siku 7, na haitaguswa mpaka zipite siku 28, na hata hapo nailoni itasema neno la mwisho.

Mzee mmoja aliuliza Jumapili: kama tunapiga lipu, karatasi ya nini tena? Ni swali zuri na wengi walipiga makofi. Jibu letu ni kwamba kwa kukanyaga tu, lipu ingetosha, na kwa ghala na ofisi hatutaki zaidi ya lipu, rangi nyekundu ya sakafu na nta. Lakini chumba cha kisomo watu wanakaa chini na watoto wanatambaa. Lipu nyembamba isiyofunikwa itaanza kuchubuka na kutoa vumbi tena, na huku kwetu milimani saruji tupu ni barafu. Sakafu ya karatasi unaipitisha kitambaa chenye unyevu, vumbi linaondoka, mtoto anakaa. Tena ipo sababu nyingine, ya darasa lenyewe, tutaifikia.

Sasa namna ya kufanya, mwanakisomo asome hapa mara mbili.

Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una manyoya membamba yanayolala na kujificha ndani ya mwenzake. Ukingo wa mkasi unabaki kama ngazi, vanishi haiwezi kuuficha na kidole cha mguu kinaukwaruza. Hata ule ukingo ulionyooka wa kiwandani uchanwe uondoke, isipokuwa vipande vichache vya kukaa kando ya ukuta. Ukubwa ni kiganja kimoja hadi viwili, na maumbo yasifanane. Kila kipande kifinyangwe kiwe kama mpira, kikunjuliwe, kifinyangwe tena. Mikunjo hiyo ndiyo itakayoonekana kama mishipa ya jiwe au ngozi.

Si kila karatasi inafaa. Dondoshea tone la maji: karatasi ikilinywa, inafaa. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la mgimbi, karatasi hiyo ina nta au plastiki, iache. Mifuko mingi ya saruji siku hizi ni ya nailoni iliyofumwa, hiyo ni ya kubebea viazi, isiletwe. Mifuko ya saruji ya karatasi ikung'utwe nje, upepo ukiwa mgongoni, mtu amefunika pua na mdomo, kwa sababu vumbi la saruji linachoma mapafu, na likichanganyika na jasho linachoma ngozi. Kazi hiyo si ya watoto.

Gundi kopo 1 kwa maji makopo 2, ikorogwe kwenye beseni mpaka iwe kama maziwa. Mtu mmoja apake sakafuni maji hayo ya gundi kwa brashi, eneo la kutosha mikono yake, mwingine achovye vipande, avikamue kidogo, avitandaze. Sukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki leo, kesho ni lengelenge, na lengelenge likikanyagwa linapasuka. Kila kipande kipande juu ya jirani yake sentimita 2 au 3. Mwanzo ni kona ya mbali na mlango. Mnacheka, lakini wapo watu duniani waliojifungia kwenye kona na gundi yao.

Wengine watasema gundi ni ghali, tupike uji wa unga wa muhogo. Uji unashika, ni kweli, lakini unaliwa. Mende watakuja, panya watakuja, ukungu utakuja. Unga wa kula upikwe uliwe.

Baada ya kubandika ni kungoja. Siku 2 za jua, na katika ukungu wetu hata siku 4. Wakati wa kukauka utaona mabaka ya giza na mikunjo imeinuka, msiogope, karatasi ikikauka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Palipobaki lengelenge pachanwe kwa wembe, paingizwe gundi, pakandamizwe. Vanishi isiguse karatasi yenye unyevu hata kidogo.

Vanishi ndiyo roho ya kazi yote, na ndiyo watu wanayoifanyia ubahili. Ipakwe mikono isiyopungua 6, kila mkono ukauke kama kopo linavyoelekeza, na katikati papitishwe msasa laini namba 220 na kufutwa vumbi. Mikono miwili ya kwanza inanywewa yote na karatasi, utadhani hujapaka kitu. Kuanzia wa tatu ndipo inaanza kujenga. Fundi yule wa mwaka jana alipaka mikono miwili akapokea mbuzi.

Tufanye hesabu, na tunaomba darasa la hesabu liisahihishe. Chumba ni mita 4 mara mita 3, yaani mita 12 za mraba. Kwa kuwa vipande vinapandana, ongeza robo: 12 na 3 ni 15. Mfuko wa saruji wa karatasi tulioupasua na kuutandaza, baada ya kuchana kingo, ulitoa karatasi ya mita 1 kwa sentimita 60, yaani sita ya kumi ya mita ya mraba. Gawa 15 kwa hiyo, utapata karatasi 25. Mfuko wenye tabaka mbili unatoa karatasi mbili, kwa hiyo mifuko 13 inatosha na chenji inabaki. Karatasi ni bure.

Sasa vanishi. Kopo la lita 1 kwa kawaida huandikwa kwamba linapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Tukichukua 12, mkono mmoja wa chumba chetu ni lita 1, na mikono 6 ni lita 6. Tukichukua 10, ni lita 7 na kidogo. Kwa hiyo weka lita 7. Hapo mnaona wenyewe fedha iko wapi. Mtu akikuambia sakafu ya karatasi haina gharama amekuonyesha karatasi akaficha kopo. Kamati imelinganisha bei za duka la mjini: vanishi, gundi, saruji, brashi na msasa vyote pamoja vinapungua kuliko nusu ya tailizi na fundi wake, na fungu la mbolea halitaguswa hata shilingi. Fedha zitatoka kwenye mauzo ya magunia matupu. Hilo ndilo tulilolitaka, maana shamba likikosa mbolea mwezi wa kumi na mbili, hakuna sakafu itakayoliwa mwezi wa tano.

Kuna hatari ambayo lazima tuiseme kwa sauti. Mvuke wa vanishi ya mafuta hauonekani lakini unawaka. Siku za kupaka, ndani ya chumba kile hakuna kibatari, hakuna sigara, hakuna jiko, madirisha na mlango wazi. Mama mjamzito na mtoto wasiingie mpaka harufu iishe. Na matambara ya kufutia vanishi hiyo yasirundikwe pembeni: yakirundikana yanapata joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila mtu kuyawasha. Yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji au yaanikwe moja moja nje. Ghala la mahindi liko ukuta mmoja na chumba kile. Tumewapa vijana wawili kazi hiyo peke yake, kuangalia matambara.

Sasa mapambo. Hapa mkutano ulichangamka. Rangi ya kaki peke yake ni nzuri, lakini tunaweza kupata kahawia na nyeusi bila kununua rangi. Chemsha majani ya chai mpaka yawe makali kupita kunyweka, tumbukiza karatasi, ianikwe: inakuwa kahawia. Loweka misumari yenye kutu kwenye maji ya ndimu au siki kwa siku kadhaa, kisha pakaza maji hayo juu ya karatasi iliyonywa chai: mbele ya macho yako inageuka kijivu, kisha karibu nyeusi. Ni chuma kimekutana na ule ukali wa chai. Kinamama wanaosuka mikeka wamekwisha chora mpaka wa kuzunguka chumba, mstari wa kahawia na mstari mweusi ukipishana kama ukili.

Darasa la pili la kisomo likaleta wazo lao: ndani ya mpaka ule, kando ya kuta zote nne, ziwekwe herufi. A e i o u upande wa mlango, kisha ba be bi bo bu, na kuendelea, zimechanwa kwa karatasi nyeusi juu ya kaki. Mwanakisomo mgeni akiinamisha kichwa kwa haya, kama ilivyo kawaida ya siku ya kwanza, anakutana nazo palepale anapotazama.

Hapo pakatokea ubishi wa kweli. Mzee mmoja, aliyejua kuandika jina lake akiwa na miaka 61, alisema haiwezekani tukanyage maandishi. Alisema alihangaika miaka yote kuyapata, leo ayapige kisigino? Watu walinyamaza. Sisi tunaona mzee ana haki, na Kamati imekubali hivi: herufi zitakaa kando tu, sentimita 30 kutoka ukutani, mahali watu wanapoegemeza mgongo na si pa kupita. Mifuko yenye maandishi ya kiwandani italazwa kifudifudi, maandishi chini. Kurasa za vitabu vya dini, vyeti, barua, na magazeti yenye picha za watu hazitatumika kabisa, hata kama mtu atazileta kwa moyo mzuri. Mzee ameombwa achane herufi ya kwanza, naye amesema atachana M, siyo A, kwa sababu ndiyo inayoanza jina lake. Tumekubali.

Sakafu ikikamilika, siku 3 za kwanza isikanyagwe, na meza zisiburutwe kwa mwezi mzima, vanishi inaendelea kukomaa ndani. Viatu nje. Maji yasimwagwe kwa ndoo, ni kitambaa kilichokamuliwa tu. Jiko la mkaa lisiwekwe juu yake. Kwa hali hiyo hiyo mtu asifikirie kuiweka jikoni au bafuni. Pakichubuka pasuguliwe kwa msasa, pabandikwe kiraka kilichochanwa, pavanishiwe; kiraka hakitaonekana, kwa kuwa sakafu yote ni viraka.

Kazi inaanza Jumamosi hii saa 2 asubuhi kwa mtaro. Kila nyumba mtu mmoja na jembe, kitongoji cha chini walete na machepe mawili. Lipu itapigwa Jumatano inayofuata. Wakati lipu inakaa siku zake 28, karatasi zichanwe darasani kila jioni baada ya somo, na zihifadhiwe kwenye debe lenye mfuniko, kwa ajili ya panya. Mifuko ya kaki ipelekwe kwa mwalimu wa kisomo. Iliyobebea maandazi isiletwe, ina mafuta, gundi haishiki.

Kwa bibi wa kitongoji cha juu, vijana sita watakwenda Jumatatu kung'oa mabaki na kuvunja njia za mchwa, na kikundi cha kinamama kitamsiriba upya Alhamisi. Udongo mwekundu upo tayari nyuma ya ofisi. Anayepita na mkokoteni kuelekea juu autulie, aubebe.